Salama, Ila

Wewe, ukiulizwa habari za nyumbani, hujibu nini?

Usinijibu upesi. Kaa vizuri kwanza, egemea, kiti hicho hakimtupi mtu. Fikiria siku nyumba imeungua, au mgonjwa amezidiwa, au maiti bado iko ndani, halafu ukakutana na mtu njiani akakuambia, "Habari za nyumbani?" Utamwambia "Salama." Utavuta pumzi kidogo, ndipo utasema "ila." Salama, ila tumefiwa. Nzuri, ila nyumba haipo tena. Ndivyo tulivyolelewa. Hatummwagii mtu msiba usoni kama maji ya kuoshea vyombo. Tunampa pa kukaa kwanza, ndipo tunamtwika.

Basi neno hilo salama lilitaka kutuua, mimi na mjukuu wangu. Nitakueleza pole pole, maana niliishia darasa la saba na kufupisha sikufundishwa.

Tulikuwa tunakaa kwenye nyumba ya wanaosubiri kupewa hifadhi. Zamani ilikuwa hoteli ya wasafiri, ghorofa tatu, na kila chumba bado kilikuwa na picha ya maua iliyopigiliwa misumari minne ukutani, sijui waliogopa nani ataiiba. Chetu kilikuwa namba kumi na nne. Vitanda viwili, kabati lisilofunga, sinki lenye ufa kama mguu wa kuku. Dirisha lilifunguka kidogo tu, halafu likagonga chuma. Nililipima: vidole vinne na gumba. Mkono ulipita, kiwiko hakikupita. Mlango ulikuwa na springi nzito, ukiuachia unajifunga wenyewe, puu! na mjukuu wangu kila mara aliruka. Mwaka mzima aliruka.

Saa mbili asubuhi unashuka kutia sahihi. Saa kumi na moja jioni unashuka tena. Ukikosa mara mbili, faili linafungwa. Katikati ya hapo unaruhusiwa kutembea mpaka kwenye mzunguko wa pili wa barabara, penye duka la rangi. Ukitaka kupita hapo uwe na kibali. Mimi nililijua duka lile la rangi kuliko mwenye duka. Nilisimama mbele yake kila siku, nikasoma mikebe, kijivu, maziwa, kijani cha chai, nikageuka. Kupika, hapana. Kufanya kazi, hapana. Chakula kililetwa kwenye maboksi makubwa yaliyofungwa kwa mikanda ya plastiki. Ikumbuke mikanda hiyo.

Mjukuu wangu alikuwa na miaka tisa tulipofika. Kwa maneno yake mengi tulimwita Chiriku. Alipelekwa shule, na baada ya miezi mitano alikuwa ameshika lugha ya hapa kama aliyezaliwa nayo. Akawa mdomo wangu na macho yangu. Barua ikija, yeye ndiye anayesoma. Daktari akisema, yeye ndiye anayenieleza, na akiona nimekunja uso ananiambia, "Bibi, hajasema utakufa, amesema unywe maji."

Swali moja tu lilinishinda kwake. "Bibi, habari za baba?"

"Salama," namjibu. "Amebaki karakanani."

Mwanangu alikuwa amekufa. Mimi nilijua, mtoto hakujua.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwenye mahojiano. Wiki ya pili tangu tufike, tuliitwa ofisini. Chumba hakikuwa na dirisha hata moja. Meza, viti vinne vya chuma, na mashine ndogo ya kurekodi yenye taa nyekundu, imekwisha kuwashwa. Afisa alikuwa kijana mwenye kucha zilizotafunwa, hakuwa mtu mbaya. Pembeni yake alikaa mkalimani, mtu wa lugha yetu aliyekulia huku, kichwa kimeanza kuota mvi. Chiriku alikaa kando yangu kwa sababu sikuwa na wa kumwachia. Miguu yake haikufika chini, ikawa inaning'inia na kubembea.

Mkalimani akainama kidogo. "Shikamoo, Bibi."

Ah! Wiki sita sikuwa nimeamkiwa. Watu wote wa njiani waliniita kwa namba. Nilihisi kifua kinafunguka. "Marahaba, mwanangu."

"Habari za nyumbani?"

"Salama, tunashukuru."

Nikavuta pumzi ya kusema ila. Afisa akagonga meza kwa kalamu: jina kamili. Mkalimani akashusha macho akaniuliza jina kamili. Baada ya hapo yakawa majina na tarehe, tuliteremka kituo gani, wale watu tuliowakimbia walivaa nguo za rangi gani, gari lilikuwa na magurudumu mangapi. Ile ila yangu ikabaki kooni kama punje ya mchele.

"Mwanao wa kiume yuko wapi?"

Miguu ya Chiriku ikasimama.

"Alibaki karakanani," nikasema.

"Kwa nini hakuja nanyi?"

"Alibaki."

Afisa akaandika. Mwisho akauliza kama kuna la kuongeza. Nikaitazama ile miguu. Haikuwa imeanza kubembea tena. Nikasema, "Hakuna. Tunashukuru."

Tukarudi kusubiri, na kusubiri kulikuwa miezi kumi na minne.

Mtu aliyezoea kazi ukimfungia mikono anaugua. Mimi ni fundi viti, wewe unajua. Baba yangu alikuwa fundi viti, na mwanangu nilimfundisha mwenyewe. Tunasuka makalio ya viti kwa henzirani, ile mimea myembamba inayopinda bila kuvunjika. Unailoweka mpaka ilainike, unaipitisha mbele kwenda nyuma, kisha kulia kwenda kushoto, kisha tena, kisha unakata mshazari mara mbili, na matundu yanakuja yenyewe, kila moja lina pembe nane. Ikikauka inajikaza. Mwisho wa kazi unakigeuza kiti na kufunga fundo chini yake, karibu na mguu wa nyuma wa kushoto, mkia wake umeugeuzia ndani usimchome mtu. Hilo ni fundo la kwetu. Mafundi wa kwingine hufunga mbele. Sisi nyuma, kushoto, mkia ndani. Hata gizani ukipapasa unajua.

Sasa, kwenye ukumbi wa kulia wa nyumba ile kulikuwa na viti vya zamani vya hoteli, mbao nzuri, makalio yametoboka. Waliviwekea vipande vya ubao juu. Watu walikula wamekaa kwenye ubao unaoteleza, kila siku mmoja anaanguka na supu yake. Nilivumilia wiki tatu. Siku ya kwanza ya wiki ya nne nikaokota mikanda ya plastiki jalalani, nikaichana kwa mkasi wa Chiriku wa shule, nikailoweka kwenye lile sinki lenye ufa. Plastiki haihitaji kulowekwa, najua. Ila mikono yangu haianzi kazi bila maji.

Kiti cha kwanza kilinichukua siku nne. Wa pili kukiona alikuwa msimamizi wa nyumba, mzee mnene aliyetembea na funguo arobaini kiunoni, tukimwita Funguo. Alikizunguka mara mbili, akakibonyeza kwa kiganja, akakaa. Akainuka. Akakaa tena.

Chiriku akanitafsiria: "Anauliza ni nani aliyekuruhusu kufanya kazi."

"Mwambie hii si kazi. Mikono yangu inatetemeka, daktari amesema niichezeshe."

Chiriku akamweleza. Funguo akacheka mpaka funguo zikalia. Wiki iliyofuata alikuja na kiti chini ya koti. Kilikuwa cha marehemu mama yake. "Anasema," Chiriku akanong'ona, "mikono yako ikitaka kucheza zaidi, hiki hapa."

Mwezi wa saba nilikuwa nimesuka viti ishirini na sita. Watu wa mtaani walivileta kwa mlango wa nyuma, vya bibi zao, vya kanisani, kimoja cha kinyozi chenye miguu ya chuma. Mama mmoja alikaa juu ya cha kwake palepale kwenye korido akalia, kwamba tangu utotoni hakuwa ameliona kalio lile likiwa zima, na fundi wa mwisho alikufa bila kumfundisha mtu. Nikamwambia mimi sijafa, alete mtu. Nilisahau kwamba sina ruhusa ya kuletewa mtu.

Kisha mtu mmoja akapeleka maneno ofisini. Ilikuja karatasi yenye mhuri: mwomba hifadhi anayefanya kazi bila kibali anavunja masharti. Funguo aliileta mwenyewe, hakuniangalia. Akakusanya mikanda yangu yote kwenye mfuko mweusi. Alipofika mlangoni aliuzuia mlango kwa mguu, akaufunga taratibu usilie. Ni hilo tu aliloweza kunifanyia siku ile.

Basi ndiyo hali niliyokuwa nayo ilipofika barua. Mikono haina kitu. Nakaa kitandani naitazama picha ya maua, nimekwisha kuyahesabu, maua kumi na tisa na moja lililokatwa nusu na fremu.

Chiriku aliifungua bahasha bado amevaa begi la shule. Alisoma kimya. Chiriku kusoma kimya! Nikajua.

"Wamekataa, Bibi."

"Soma."

"Wanasema mwombaji hayuko hatarini. Wanasema..." Akasogeza kidole. "Mwombaji mwenyewe, katika dakika ya kwanza ya mahojiano, alipoulizwa hali ya kwao, alijibu kuwa ni salama na kwamba anashukuru. Tena alisema mwanawe amebaki kazini kwake. Mwombaji atarudishwa kwao pamoja na mtoto. Ana siku ishirini na moja za kukata rufaa."

"Mimi? Nilisema salama? Nilisema lini?"

"Wameandika dakika ya kwanza."

Nikatafuta. Nikarudi kwenye kile chumba, nikaiona taa nyekundu, nikawaona wale watu wawili. Nilipofika kwenye shikamoo, nilisimama wima.

"Aliniamkia," nikasema. "Chiriku, yule mtu aliniamkia tu!"

Mtoto akaniangalia kwa jicho lile la kitoto lisilo na adabu wala ubaya. "Na baba? Si kweli amebaki kazini?"

Nikaenda kwenye sinki nikafungua bomba, ingawa hapakuwa na kitu cha kuloweka.

Wakili alikuja siku ya tatu, asubuhi, Chiriku akiwa shuleni. Alikuwa binti mdogo mdogo, mkoba umekatika zipu ameufunga kwa pini. Aliyekuja naye ni yule yule mkalimani. Alipoingia namba kumi na nne hakukaa. Alisimama amekunja mikono mbele kama aliyeletwa na mzazi wake kuomba msamaha.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Leo usiniulize za nyumbani."

"Nilitafsiri kila neno sawasawa, Bibi. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi."

Wakili akauliza kwa nini nilisema salama. Nikamwambia niliamkiwa. Akauliza, je, kama nyumba yangu ingekuwa imeungua jana yake? Nikamwambia, ningesema salama, ila nyumba imeungua. Akaandika, akasimamisha kalamu, akacheka kidogo, halafu kicheko kikamfia mdomoni.

"Na hiyo ila," akasema, "iko wapi kwenye mahojiano?"

"Aligonga meza."

Siku ile niliwaambia. Mara ya kwanza kuyatoa mdomoni. Niliyasema nimeukazia macho ule ufa wa sinki, na mkalimani alitafsiri ameniangalia mimi, na mara mbili alisimama kusafisha koo. Nilipomaliza, wakili alisema tutayaandika, ila karatasi peke yake haitoshi. "Watasema Bibi amekataliwa ndipo akaongeza chumvi. Hakimu lazima akusikie wewe."

"Mtoto asikie pia?"

"Tutamwacha nje."

Nikamwambia basi, tutawaomba kwa unyenyekevu, wakiona inafaa, tutashukuru. Binti yule aliweka kalamu chini. Alikuwa mpole, lakini hapo alikaza sauti. "Bibi, huombi kiberiti kwa jirani. Mtu anayekimbia kifo akibisha hodi, sheria inasema asikilizwe, na kama ni kweli asirudishwe. Hiyo ni haki yako. Hakimu hakufanyii hisani. Uache kushukuru kabla hujapewa."

Miaka sitini na minane, kijana, na hakuna aliyewahi kunikataza kushukuru.

Kwa hiyo tukaanza mazoezi. Wakili alisema nikiulizwa hali ya kwetu nijibu moja kwa moja: mbaya. Chiriku alijipa uhakimu. Alipanda juu ya kitanda, akajifunga shuka mabegani, akagonga kabati kwa kiatu.

"Mwombaji! Habari za nyumbani?"

"Sal..."

"Bibi!"

"Ngoja. Anza tena."

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri tu."

"Bibi, utaturudisha! Sema mbaya. M-ba-ya."

"Sasa mtu ameniuliza vizuri, nimjibu mbaya kama niliyegombana naye?"

"Ndiyo!"

"Adabu gani hiyo?"

"Adabu ya mahakamani." Akajifuta jasho kwa shuka la uhakimu. "Habari za nyumbani?"

Nikakusanya nguvu zote. "Si... si mbaya sana."

Alijitupa kitandani akacheka, nami nikacheka, tukacheka mpaka jirani wa kumi na tano akagonga ukuta. Kisha akageuka chali, macho darini.

"Ukisema mbaya," akauliza, "nikikuuliza mbaya nini, utasema nini?"

Hapo ndipo nilipoona nilivyobanwa. Nisiposema, tunarudishwa wote wawili mikononi mwa wale watu. Nikisema, hata kama mtoto yuko nje, hukumu itakuja kwa barua. Na barua zote za nyumba hii, msomaji ni nani? Ni yeye, na begi lake mgongoni, kidole kwenye mstari. Atamsoma baba yake kwenye karatasi yenye mhuri, peke yake, kabla hajanitafsiria.

Siku ya rufaa Funguo alitupa kibali cha kuvuka mzunguko wa pili. Alikiandika kwa herufi kubwa. Tulipolipita duka la rangi niligeuka kulitazama kama niliyeiba.

Jengo la rufaa lilikuwa la zamani, dari ndefu, korido inanukia nta ya sakafu. Tulikalishwa kwenye safu ya viti ukutani. Nikakaa, na makalio yangu yakajua kabla yangu. Nikapeleka mkono chini. Pembe nane. Nikainuka, nikakipindua kiti.

"Mama! Kiti hicho! Kirudishe!" Askari wa mlangoni alikuja mbio.

"Mwambie nakiamkia," nikamwambia Chiriku.

Nyuma, kushoto, mkia ndani. Nikakipindua na cha pili. Vilikuwa kumi na viwili, na vyote vilifungwa fundo la kwetu, henzirani imekuwa nyeusi kwa uzee na bado imekaza. Askari alibaki amesimama, hajui anikamate kwa kosa gani. Mkalimani alikuwa amefika na wakili. Akachuchumaa kando yangu, akalipapasa lile fundo.

"Waliovisuka ni wale wa nyuma ya stesheni," akasema. "Walikuja zamani, kabla sijazaliwa, nao walikimbia. Mtaa mzima. Mkate wa asubuhi wanaokula watu wa hapa, walioanza kuuoka ni wao. Ile bendi ya matarumbeta inayozika wakubwa, babu zao ndio walioileta. Watu wameshasahau. Wanadhani ni vya hapa tangu mwanzo."

"Si ni vya hapa sasa," nikasema.

Nilikaa nimeushika mguu wa kiti. Sijui kama unanielewa. Mtu wa kwetu aliyefukuzwa kama mimi alikaa kwenye korido hii amepiga magoti, mdomoni ameuma uzi, akisuka ili watu wasiomjua wapate pa kukaa. Na mimi leo, nisiyemjua, nimekaa. Fundo hilo ndilo ninalowapigia kelele nyinyi wanafunzi wangu, hapa karakanani kwangu, kila Jumamosi, kwamba mkia uwe ndani. Mnadhani nawaonea.

Wakatuita. Chiriku akaachwa koridoni na askari.

Hakimu alikuwa mama mtu mzima mwenye mafua, kitambaa mkononi muda wote. Mkalimani wetu alikuwa shahidi siku hiyo, hivyo walileta mwingine wa kunitafsiria, dada mmoja mnyamavu aliyeninong'oneza sikioni. Wakili wa serikali alisimama na karatasi zake. Hakupiga kelele. Alisema mwombaji kwanza alisema salama, sasa anasema hatari. Kwanza alisema mwanawe amebaki kazini, sasa anasema amekufa. Mahakama ishike lipi?

Wakili wetu akamsimamisha mkalimani. Naye akaeleza maamkizi ya kwetu, salama na ila yake.

Hakimu akapenga makamasi. "Mbona hukulieleza hilo siku ile?"

"Mheshimiwa, niliajiriwa kutafsiri maneno. Adabu hazimo kwenye mkataba wangu."

Hakimu akasema, "Muulize sasa. Vile vile kama siku ile. Usiongeze neno."

Mkalimani akanigeukia. Wakili wangu alikuwa akitamka bila sauti, mbaya, mbaya, kama Chiriku juu ya kitanda.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za nyumbani?"

Nilikaza meno. Nilijua neno ninalotakiwa kusema. Nililiona limekaa palepale. Lakini mtu aliinama mbele yangu, aliniita Bibi, aliuliza kwa upole.

"Salama," nikasema.

Wakili wa serikali akafungua mikono yake miwili kumwonyesha hakimu, kwamba si hayo. Binti wangu akafumba macho. Na mimi nikaanza kutafuta pa kuweka mikono, nikaona mlango, nikaona ile njia yote ya kurudi.

Mkalimani hakukaa. Alibaki ameinamisha kichwa upande, kama mgeni wa kwetu anavyosimama kizingitini akisubiri, maana anajua habari haijaisha. Alikuwa amekatazwa kuongeza neno.

"Ila?" akasema.

Ile punje ya mchele ikatoka kooni.

"Naomba mjukuu wangu aingie," nikasema.

Wakili wangu akatikisa kichwa, hapana, hapana. Nikamwambia, barua yenu mtaituma, na msomaji ni yeye. Heri anisikie mimi. Hakimu akamwashiria askari. Chiriku akaingia akikiburuta kiti cha koridoni, askari nyuma yake amekata tamaa. Mlango ukajifunga, puu! Safari hii hakuruka. Niliruka mimi.

Akakiweka kiti kando yangu, akakaa. Miguu yake sasa ilifika chini.

"Chiriku," nikasema, "baba yako alibaki karakanani. Hilo ni kweli. Ila walimfungia humo ndani wakaitia moto. Walitaka orodha ya majina ya mafundi wa chama chetu, hakuwapa. Nilikuwa nyuma ya pipa la kulowekea henzirani. Nilimsikia akiita. Sikutoka. Nilikuwa nikiwaza kwamba saa sita utarudi kutoka shule, na atakayekupokea awe nani. Na wale watu wanalijua jina langu, maana kwenye orodha ile mimi ndiye wa kwanza."

Yule dada mnyamavu alitafsiri mpaka katikati akakwama, akaomba radhi, akaendelea.

Chiriku alikuwa akiyatazama magoti yake. "Nilijua ni mbaya," akasema. "Kila nikikuuliza unaenda kufungua bomba." Akaushika mkono wangu, mkavu, wenye sugu, akaubana kama anayeshikilia uzi usifumuke. "Endelea, Bibi. Bado wanaandika."

Hakimu aliweka kitambaa chini. Akaniuliza naiomba nini mahakama hii. Miezi kumi na minne nilikuwa nimejibu swali hilo kwa kila aliyeniuliza, nikisema mkipenda, mkiona inafaa, tunashukuru. Nikamtazama usoni.

"Sitaki kurudi," nikasema. "Nataka kubaki hapa, na mtoto huyu, na kazi yangu, na mlango ambao ufunguo wake ninao mimi."